ANAYEJIBU NDIYE ANAYESAMBAZA

Nimepotea kidogo, najua. UE zilitubana, halafu zikafuata zile siku za kulala mpaka mchana kama mtu aliyetoka vitani. Sasa nimerudi, ila leo sina stori za kafeteria wala za foleni ya maji bwenini. Leo nina historia. Wale wa sayansi msikimbie, nitaandika kama tunavyoongea.

Swali lilizuka chumbani wiki iliyopita. Jamaa mmoja analalamika kwamba yeye anaweka vitu vya maana mtandaoni, picha safi, Kiswahili kimenyooka, na havifiki popote. Mwingine kauliza tu "kati ya wali na ugali kipi kinakaa tumboni?" na swali lake limezunguka nchi nzima. Wengine wakasema ni bahati, wengine wakasema ni simu nzuri, mmoja akasema ni ndumba, tukacheka sana. Mimi nilisema jambo moja, na ndilo ninaloliandika hapa: ujumbe hausambazwi na aliyeutoa. Unasambazwa na wanaoujibu. Na hili halikuanza na Facebook wala TikTok. Watu wa huku kwetu walilijua miaka mia mbili kabla ya mtu yeyote kugusa kioo cha simu. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu, na hicho ndicho kinachonitisha. Tutakifikia, twende polepole.

TUANZE MOMBASA

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa ilikuwa chini ya Wamazrui, na ilikuwa na ugomvi na karibu kila jirani. Kwenye 1812 hivi, watu wa Mombasa na wa Pate walikwenda kuivamia Lamu, wakapigwa vibaya pale Shela. Baadaye ukaja mvutano mrefu na Seyyid Said wa Oman. Katika miaka hiyo Mombasa ilikuwa na malenga wake, Muyaka bin Haji, aliyefariki kwenye 1840 hivi. Huyu bwana alitunga juu ya kila kitu: mapenzi, njaa, biashara, na sana sana siasa. Maneno yake yalikuwa silaha ya mji.

Sasa hebu jiulizeni. Hakuna gazeti, hakuna redio. Shairi la Mombasa linafikaje Lamu? Jibu liko katika desturi yenyewe ya kujibizana. Mtu akitupa shairi la kukuchokoza, heshima inakutaka ujibu, na ujibu kwa namna aliyoanza nayo yeye: fumbo kwa fumbo, mizani kwa mizani. Huwezi kufanya hivyo kama shairi lake hulijui. Inabidi ulishike kwa moyo kwanza. Na wasikilizaji wako nao, ili waonje utamu wa jibu, lazima wasomewe kwanza lile la adui. Yaani adui yako ndiye anayekuhifadhia shairi na kulipeleka asikoweza kufika mtu wako. Mashairi ya Muyaka yaliishi midomoni mwa watu kwa miaka mingi mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya mwishoni mwa karne hiyo akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor, na 1940 William Hichens akayatoa kwa jina la Diwani ya Muyaka. Shairi ambalo hakuna aliyelijibu wala kulirudia, leo hatujui hata kama lilikuwepo.

Baada ya Muyaka ikaja Beni. Hii ilianza pwani kwenye miaka ya 1890, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi za wazungu, yenye sare, maandamano na vyeo vya kila aina. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima, kilichotoka 1975. Tanganyika kulikuwa na pande mbili kubwa, Marini na Arinoti. Na pande mbili ndiyo siri yenyewe. Ngoma yenye upande mmoja unaitazama, unapiga makofi, unaenda kulala. Ngoma yenye pande mbili inakuuliza wewe ni wa wapi. Ukishajibu umeshakuwa mwanachama, unachanga fedha, unashona sare, unamvuta shemeji yako. Vita ya 1914 hadi 1918 ilipotawanya askari na wapagazi huku na huko, Beni ikasafiri nao, ikafika mpaka Nyasaland na Kongo.

GAZETI LILILOJIBIWA

Hapa wenzangu wa elimu tukae vizuri, maana jambo hili linatuhusu. Januari 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la kila mwezi, Mambo Leo, hapa hapa Dar es Salaam. Lengo la serikali ya kikoloni lilikuwa la kikoloni: kufundisha watu kilimo bora, usafi, utii, na kusambaza Kiswahili sanifu. Gazeti kama hilo lingeweza kufa mwaka wa kwanza. Nani ananunua mahubiri kila mwezi?

Halikufa. Na ukiangalia kilicholiweka hai, ni zile kurasa ambazo serikali haikuziandika: barua za wasomaji kutoka wilayani, habari za mjini kwao, na mashairi. Karani wa Tabora anatunga fumbo na kuwaomba wajuzi walifumbue. Mwezi unaofuata anajibiwa na mtu wa Tanga. Mwalimu wa Lindi anadai wote wawili wamekosea vina. Hapo mnakuwa na watu watatu waliopo mbali mbali, hawajawahi kuonana, na kila mmoja anasubiri toleo lijalo kama tunavyosubiri boom. Na kila mmoja ana ndugu, majirani na wanafunzi anaowasomea kwa sauti, maana wasiojua kusoma walikuwa wengi kuliko wanaojua. Shaaban Robert mwenyewe alianza kujulikana kwa mashairi aliyopeleka katika gazeti hilo miaka ya 1930.

Serikali ilidhani inawasemesha watu. Kumbe watu walikuwa wanasemeshana wao kwa wao, na serikali ikiwalipia wino.

Baada ya uhuru mchezo huu ulieleweka vizuri zaidi. Azimio la Arusha lilipotangazwa 1967, mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere aliwaita washairi na kuwaomba walipeleke kwa wananchi. Mathias Mnyampala (1917–1969) na wenzake wa chama cha UKUTA wakashika ngonjera. Mnajua ngonjera ni nini, nani hajawahi kusimama mbele ya mgeni rasmi shule ya msingi, miguu inatetemeka? Ni shairi la majibizano. Mmoja anauliza au anabisha, mwenzake anamjibu mpaka aelewe. Kwanini hawakuandika hotuba tu? Kwa sababu hotuba inasikilizwa na kusahaulika, na ngonjera inamlazimu mtoto aikariri, mama yake amsikilize akifanya mazoezi nyumbani, na kijiji kizima kije kumwona jukwaani. Unaweza kubishana na Azimio utakavyo, ila njia ile ilikuwa na akili.

MTU ANAYETUNZA

Taarabu niipitie haraka, ingawa ningeweza kuandika siku nzima. Mmeshakwenda kwenye taarabu mkaona mama ananyanyuka na noti mkononi, anakwenda taratibu mpaka kwa mwimbaji? Asiyejua anadhani anampenda mwimbaji. Anayejua anaangalia amenyanyuka kwenye mstari gani. Mtunzi ameandika maneno yasiyo na jina la mtu. Mama yule, kwa noti yake, ndiye anayeyatia jina: anayatuma kwa mke mwenzie aliyekaa meza ya tatu. Kesho mtaa mzima unaimba mstari ule ule, kwa sababu mtaa mzima umeona ulimwendea nani.

Miaka ya 1990 Dar ilikuwa na ushindani mkali wa TOT na Muungano, na mipasho ikawa ndiyo habari ya mjini. Wimbo wa upande mmoja ulisubiriwa jibu la upande wa pili, na mashabiki wa pande zote walinunua kanda zote. Ni Muyaka yule yule, safari hii na spika.

REDIO NA WATU WA SALAMU

Waulizeni wazazi wenu kuhusu kadi za salamu. Unanunua kadi, unaandika jina lako na la kujiita, halafu unataja watu wako kumi au ishirini, kisha ujumbe, na kadi inakwenda redioni kusomwa. Ukiisikiliza leo kwa masikio ya kijana unasema hiki nacho ni kipindi gani? Dakika thelathini za majina matupu! Lakini kila jina lililotajwa ni mtu aliyekaa karibu na redio, na jirani aliyetumwa mbio kumwita kama hayupo. Na aliyesalimiwa naye atanunua kadi arudishe salamu, maana kwetu salamu ni deni. Watu wa salamu wakaundiana mpaka vyama, wakawa wanatembeleana na kuzikana. Redio ilijaza muda wa matangazo kwa majina ya wasikilizaji wenyewe.

Ila mfano wa redio ninaoupenda kuliko yote ni Twende na Wakati. Huu ulikuwa mchezo wa redio ulioanza Radio Tanzania Dar es Salaam Julai 1993, mara mbili kwa wiki, kufundisha uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Mhusika aliyejulikana zaidi ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani kote, na mkewe Tunu aliyevumilia mpaka akachoka, akaanza biashara yake mwenyewe.

Utamu kwa sisi wa elimu uko hapa. Mchezo ulipimwa kama jaribio la kisayansi. Mtambo wa Dodoma haukuurusha kuanzia 1993 mpaka 1995. Sehemu nyingine za nchi zilisikia, eneo la Dodoma likawa la kulinganishia, kisha 1995 nalo likaanza kusikia. Watafiti akina Everett Rogers, Peter Vaughan na Arvind Singhal walikuta matumizi ya uzazi wa mpango yamepanda zaidi kule mchezo uliposikika, na Dodoma nako yakapanda baada ya kuanza kusikika. Walipotazama njia yenyewe ya mabadiliko wakakuta jambo kubwa ni mazungumzo. Mtu hakubadilika kwa kusikia redio peke yake. Alisikia, akamwambia mkewe, wakabishana kama Tunu amefanya vizuri kuondoka, akabishana na wenzake kijiweni, na katika kubishana huko ndipo uamuzi ulipozaliwa. Redio ilileta mada, ila darasa waliliendesha wasikilizaji.

Mpaka hapa mtadhani naandika wimbo wa sifa. Bado.

UKUTA WA MZEE PUNCH

Hapa Mlimani, kuanzia miaka ya 1970, kulikuwa na kitu kinaitwa Mzee Punch. Wazee wetu waliosoma hapa wanakijua. Usiku watu wasiojulikana walibandika ukutani karatasi zenye michoro na maneno ya kejeli. Mwanzoni wengi waliona ni utani na ukosoaji, wakubwa nao walikuwa wanasutwa humo. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, waliobandikwa zaidi walikuwa wanafunzi wa kike: huyu anatembea na nani, yule kamkataa nani, na michoro ya kudhalilisha.

Sasa fikirini kwa mtindo tuliokuja nao. Karatasi ukutani ni karatasi tu. Gundi yake inakauka, mvua inainyeshea. Iliyoipa nguvu ni halaiki ya asubuhi. Waliosimama na kucheka walikuwa wanasambaza. Waliokimbilia bwenini kumwambia mwenzao "umemwona fulani?" walikuwa wanasambaza. Hata waliokasirika na kusimulia kwa hasira yaliyoandikwa walikuwa wanasambaza. Aliyebandika alikuwa mmoja au wawili, gizani. Kazi iliyobaki ilifanywa mchana na watu ambao ukiwauliza wangekwambia hawakufanya lolote.

Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike wa hapa alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wa kiume, Mzee Punch akiwa sehemu ya vitisho hivyo. Jina lake linajulikana, liliandikwa magazetini, na wanaharakati wa haki za wanawake, wakiwemo waandishi wa TAMWA, walisimama kulipazia sauti. Sitaliandika hapa. Yeye hakuomba kuwa mfano wa mtu yeyote. Baada ya kifo chake Mzee Punch alipigwa marufuku.

Nimelisoma jambo hili mara nyingi, na kila mara linalonikaa kifuani ni ile halaiki. Walikuwa vijana wa umri wetu, wengine walimu watarajiwa kama sisi.

KILICHOBADILIKA

Twende kwenye simu sasa. Facebook ilipoleta mlisho wa habari Septemba 2006, na kitufe cha laiki Februari 2009, ilipata kitu ambacho Mambo Leo haikuwahi kuwa nacho: hesabu ya majibu ya kila mtu, kwa kila sekunde. Twitter nayo ikaweka kitufe cha kurusha upya mwaka huo huo wa 2009. Ndipo mitandao ikaanza kupanga nani aone nini kwa kutumia hesabu hiyo. Posti ikipata majibu mengi mapema, mtambo unaionyesha kwa watu zaidi. Hao nao wakijibu, inaonyeshwa kwa wengine zaidi. Ndiyo maana swali la wali na ugali limemshinda yule jamaa yetu. Posti yake ni nzuri, unaisoma, unakubali, unapita. Ya wali na ugali huwezi kupita, lazima umtetee ugali!

Tofauti iko hapa sasa, ile niliyosema inanitisha. Lamu walipojibu shairi la Mombasa, kila mtu alijua hilo ni jibu la adui. Kwenye taarabu kila mtu anaona kama noti ni ya mapenzi au ya kumkomoa mtu. Binadamu anasikia sauti ya jibu. Mtambo hausikii, unahesabu tu. Ukiandika "huu ni uongo mtupu, aibu yako", kwa mtambo umeandika maneno sita chini ya posti, asante sana, tuipeleke mbele.

Na sio hisia zangu. Facebook ilipoongeza vile vikatuni vya hisia 2016, kuanzia 2017 mpangilio wake uliipa kila hisia uzito mara tano ya laiki ya kawaida, na hasira ikiwemo. Januari 2018 wakatangaza kwamba posti zinazozua mazungumzo zitapewa kipaumbele. Nyaraka za ndani zilizotolewa na Frances Haugen 2021 zilionyesha wafanyakazi wao wenyewe walikuwa wanaonya kwamba yanayokasirisha ndiyo yanayopanda. Uzito wa hasira ulipunguzwa hatua kwa hatua, mpaka Septemba 2020 ukawa sifuri. Kwa miaka kadhaa, kukasirikia uongo kulikuwa kunausukuma uongo zaidi ya kuupa laiki ya kawaida.

Machi 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral. Walifuatilia habari kama 126,000 zilizorushwa Twitter na watu wapatao milioni 3 kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kurushwa upya kuliko za kweli. Na waliosababisha hawakuwa roboti, walikuwa watu. Walipoyasoma majibu ya watu wakakuta uongo unajibiwa kwa mshangao, hofu na kinyaa. Kwa lugha nyepesi, uongo unajibika.

PANDE MBILI ZA JIBU

Sasa nisije nikaonekana nasema tusijibu kabisa. Angalieni mifano miwili ya jirani zetu.

Julai 2015, kabla ya ziara ya Rais Obama nchini Kenya, CNN iliiita nchi hiyo kitovu cha ugaidi. Wakenya wakajibu kwa alama ya reli ya #SomeoneTellCNN, waliyokuwa wameshaitumia 2012 dhidi ya kituo hicho hicho. Hawakuirudia ile habari ili kuilaani. Waliweka picha za nchi yao, utani wao, maisha yao. Kiongozi mmoja wa juu wa CNN alisafiri mpaka Nairobi kuomba radhi. Jibu lao lilikuwa shairi jipya, wala halikuwa komenti chini ya shairi la adui. Ni Muyaka kabisa.

Mfano wa pili ni filamu ya Kony 2012. Ilitolewa Machi 2012 na shirika la Kimarekani la Invisible Children, dakika kama 30, ikatazamwa mara milioni 100 ndani ya siku sita. Ilisambaa hivyo kwa sababu ilimpa kila mtazamaji kazi: waandikie watu mashuhuri hawa, nunua vifaa hivi, bandika mabango. Lakini Joseph Kony na watu wake walikuwa wameshaondoka Uganda miaka kadhaa nyuma, jambo ambalo mtazamaji wa haraka angeweza asilione. Filamu hiyo ilipoonyeshwa Lira, kaskazini mwa Uganda, mwezi huo huo, watu walioumizwa na vita ile walikasirika, mawe yakarushwa. Watu wa Lira hawakuwa kwenye hesabu ya milioni 100. Waliohusika zaidi ndio waliosikika mwisho.

Kwa hiyo wingi wa majibu haukwambii kama jambo ni kweli, wala haukwambii nani anaumia. Unakwambia tu kwamba watu wamejibu.

MUHULA ULIOPITA

Wengine mnajua ninaloelekea. Muhula uliopita ukurasa mmoja wa udaku wa vyuo uliweka picha ya binti mmoja tunayemfahamu na maneno ya uongo juu yake. Saa za mwanzo ilikuwa imedoda, watu wachache tu. Halafu marafiki zake wakaingia kumtetea. Walikuwa na nia safi kabisa. Waliandika, wakajibiwa kwa matusi, wakarudi tena, wakaitana kwenye makundi ya WhatsApp waongezeke. Kufikia usiku watu wa vyuo vingine ambao hawajawahi hata kufika Dar walikuwa wanajadili tabia za mtu wasiyemjua.

Aliyeituliza ile hali ni dada mmoja wa mwaka wa tatu, mpole, hana makuu. Alipita kwenye makundi akiomba mambo matatu: msiandike tena chini ya ile posti hata neno moja, iripotini kimya kimya, na yeyote anayempenda huyu binti aende chumbani kwake sasa hivi na chakula. Watu wakaenda. Mmoja alibeba chipsi, mwingine alibeba madesa ya pindi alizokosa. Siku mbili baadaye ukurasa ulikuwa na windo lingine, maana hata udaku nao una njaa, usipolishwa unahama.

Lile la chakula ndilo nililolifikiria sana nilipoanza kusoma habari za Mzee Punch. Kuna kujibu posti na kuna kumjibu mtu. Ukutani pale mtu aliachwa na karatasi yake. Usiku ule binti aliyeguswa alijibiwa na wenzake, na mtambo haukuwa na namna ya kuihesabu sahani ya chipsi.

TUNAOKWENDA KUFUNDISHA

Karibu tutapangiwa shule za BTP. Tutakuta watoto wa kidato cha pili wenye simu zilizofichwa kwenye soksi, na kila mmoja ni mhariri wa Mambo Leo yake. Mtaala unaweza usituambie tuwafundishe nini juu ya hilo. Mimi nimeshaamua nitakachojaribu darasani kwangu. Nitawafanyia mchezo: mwanafunzi mmoja ananong'ona sentensi, wengine wanaruhusiwa kuirudia, kuibishia au kunyamaza, na ubaoni tunahesabu imefika kwa wangapi. Naamini watashangaa wakiona walioibishia wameisogeza mbele sawa na walioikubali.

Halafu nitawaeleza utaratibu ninaojaribu kuufuata mwenyewe. Kitu kizuri, kijibu kwa sauti. Mwalimu aliyeandika somo zuri, fundi aliyeonyesha kazi yake, msomi aliyesahihisha historia iliyopotoshwa, hao ndio wanaokufa kwa ukimya wetu. Tunasoma, tunakubali, tunapita. Komenti yako moja kwao ina thamani kuliko unavyodhani. Uongo usio na mtu ndani yake, sahihisha kwa kuandika la kwako pembeni, bila kuubeba ule wa kwao. Na ukikuta mtu amebandikwa ukutani, usisimame kwenye halaiki, hata kama umesimama kwa hasira. Nenda kwa mtu.

Yule jamaa wa chumbani nimeshamwambia aache kulalamika, atafute swali ambalo mtu hawezi kulipita. Ameanza na "chapati ya maji ni chapati au sio chapati?" Jana usiku hatukulala.

Haya wadau, nawasilisha. Wanaopinga wapinge, ila mkipinga mnajua mnafanya nini. Kesho nina pindi saa moja asubuhi na nguo hazijakauka. Tuko pamoja.